Redio Mkononi, Mnara Mlimani

Kagunga si kisiwa. Ramani inaonyesha wazi kwamba kijiji hicho kimeshikamana na bara, katika Wilaya ya Kigoma, mwishoni kabisa mwa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini, jirani na mpaka wa Burundi. Hata hivyo, ndugu zetu wa Ukara, Ukerewe, Mafia na Kojani wakifika pale hawatahitaji mtu wa kuwaeleza maisha ya wenyeji. Mbele ni maji. Nyuma ni mlima uliosimama kama ukuta wa boma. Na safari ya kwenda hospitali ya mkoa, benki au ofisini kwa Mkuu wa Wilaya huanzia kwenye mchanga wa ufukwe, ndani ya mtumbwi wa injini. Anayeishi mahali kama hapo ni mwana wa kisiwa, jiografia iseme itakavyo. Ndiyo maana maneno haya tunayaelekeza kwa watu wa visiwa vyote, na kwa viongozi wa Serikali ambao saini zao ndizo zinazonunua vyombo vya mawasiliano kwa ajili ya watu hao.

Miaka michache iliyopita tulikuwa Kagunga katika ziara ya kazi, tukifuatana na maofisa wa ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Walikuja na redio sita za mkononi, mpya, nyeusi, zenye antena fupi na kitufe kikubwa ubavuni, zikiwa zimekusudiwa kwa serikali ya kijiji na kwa kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za ziwa. Wananchi walikusanyika chini ya mti. Ofisa akabonyeza kitufe akaita Kigoma, Kigoma ikaitika. Akaita Dodoma, Dodoma nayo ikaitika, tena kwa sauti safi kuliko ya mtu aliye chumba cha pili. Watu wakashangilia. Sisi wenyewe tulipiga makofi, hatukatai.

Hapo akasimama mzee mmoja mvuvi. "Vijana wangu," alisema, "hapa nchi kavu hata kitochi changu kinafika Dodoma. Mimi nataka kujua habari za kule." Akanyoosha kidevu kuelekea ziwani.

"Inafika kote, mzee," ofisa akamjibu.

"Kote wapi?"

Swali hilo halikupata jibu, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Tangu siku ile tumelifikiria swali la mzee yule mara nyingi, na tumeona kwamba yeyote asiyeweza kulijibu hafai kuruhusiwa kununua redio hata moja kwa fedha za umma. Basi na tujaribu kulijibu.

Watu wetu wanaijua simu ya upepo kwa muda mrefu. Wameiona mikononi mwa askari polisi, kwa wahifadhi wa mbuga na kwenye magari ya misaada. Simu ya upepo ya kawaida haimtegemei mtu wa tatu. Redio moja inatoa mawimbi, nyingine inayapokea, na kama zimewekwa kwenye masafa yale yale na hakuna mlima kati yao, mazungumzo yanafanyika hata kama duniani hakuna kampuni moja ya simu. Redio hii mpya, inayoitwa redio ya mtandao, ina sura hiyo hiyo lakini moyo wake ni mwingine. Ndani yake mna laini ya simu, sawa na iliyo katika simu ya mkononi. Ukibonyeza kitufe, sauti yako inakatwakatwa kuwa data, data inakwenda kwenye mnara wa simu, kutoka mnarani inakwenda kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, yaani seva, na seva ndiyo inayoigawa kwa redio zote za kundi lako. Jirani yako aliye umbali wa hatua kumi anakusikia baada ya sauti yako kusafiri mamia au maelfu ya kilomita na kurudi.

Uzuri wake ni mkubwa, na asiyeuona ni mkaidi. Ukiwa ndani ya mtandao, umbali unakufa: Kagunga na Dodoma ni nyumba na nyumba. Kitufe kimoja kinawaamsha watu ishirini kwa mara moja, jambo ambalo simu ya kawaida haiwezi. Redio nyingi za aina hii zina kipokezi cha satelaiti kinachomwonyesha msimamizi, kwenye kioo cha kompyuta yake, mahali ilipo kila redio. Zina kitufe cha dharura. Tena mtumiaji hana haja ya kuomba leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kama anavyotakiwa mwenye simu ya upepo, maana masafa yanayotumika ni ya kampuni ya simu. Yeye anahitaji chombo kilichokubaliwa nchini na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, kama sheria ilivyotutaka sote tangu 2019.

Udhaifu wake uko palepale kwenye uzuri wake. Pasipo mnara, ni kipande cha plastiki chenye betri.

Usiku ule, kwa kuwa ulikuwa wa giza, wavuvi walikwenda kuvua dagaa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Zamani zilikuwa karabai, sasa aghalabu ni taa za betri. Tuliomba nafasi katika mtumbwi wa mzee wetu mwuliza maswali, na redio moja kati ya zile sita tukaichukua kwa idhini. Tulipokuwa karibu na ufukwe iliitika vizuri. Kadiri taa za kijiji zilivyozidi kuwa ndogo, ndivyo sauti ilivyoanza kukatika, neno likija na neno likipotea. Kisha ikawa jambo la ajabu: vijiti vya mtandao kwenye kioo vilijaa kabisa, lakini kila tulipobonyeza kitufe tulijibiwa na mlio mfupi wa kukataliwa. Tukadhani chombo kimeharibika. Mtoto wa mzee, kijana wa sekondari, akakichukua, akakitazama kwa nukta mbili, akacheka. "Imeshika mtandao wa Burundi," alisema.

Naam. Mnara wa ng'ambo ya mpaka ulikuwa unaonekana vizuri kutoka majini kuliko mnara wa nyumbani. Redio, ambayo haina uraia, ilimfuata aliyemsikia. Lakini laini yetu haikuwa na ruhusa ya kutumia data nje ya nchi, na hivyo ikawa tumesimama mlangoni kwa jirani bila kukaribishwa ndani. Dawa yake ni nyepesi: redio iwekwe ichague mtandao wa nyumbani peke yake, isiachiwe ijichagulie. Kazi ya dakika moja. Hakuna aliyeifanya, na yamkini hakuna aliyejua kwamba inahitajika, kwa sababu redio zile zilijaribiwa mjini, mbali na mpaka wowote.

Ilipata saa 5 usiku tukaona taa ya mtumbwi wa jirani ikizimwa na kuwashwa, ikizimwa na kuwashwa. Injini yao ilikuwa imekufa na upepo wa kusini umeanza kuinuka. Wana-Kagunga hawahitaji kuambiwa maana ya upepo huo katika miezi ya kiangazi. Mtumbwi ulikuwa na watu watano, mmoja wao mtoto wa shule aliyekuja kumsaidia baba yake. Tulibonyeza kitufe cha dharura, kile chekundu, ambacho mchana kilikuwa kimetutoa machozi ya furaha. Mlio wa kukataliwa. Mzee hakusema neno. Aliukata mtego wa usiku ule katikati, akaiacha faida yake majini, tukawaendea kwa taa, tukawafunga kamba na kuwavuta. Tulipokaribia pwani na redio ikarudi katika mtandao wa nyumbani, tuliita Kigoma. Hakuna aliyejibu. Tukaita tena. Asubuhi tuliambiwa kwa upole kwamba kompyuta ya msimamizi hufungwa saa 9:30 alasiri, wakati wa kufunga ofisi.

Hakuna aliyepoteza maisha, alhamdulillahi, na hatusimulii habari hii ili kumdhalilisha mtu. Maofisa wale walikuwa na nia njema, na redio zao hazikuwa mbovu. Tunaisimulia kwa sababu mambo mawili yalionekana usiku mmoja: redio haikujua mwisho wa mtandao wake uko wapi, na hata ingeujua, upande wa pili hapakuwa na sikio.

Tuanze na hilo la kwanza. Minara ya simu hujengwa kwa ajili ya wateja, na wateja hukaa nchi kavu. Antena zake huelekezwa kwenye nyumba, barabara na masoko. Maji hupata makombo. Isitoshe, katika mfumo wa kawaida wa simu za kizazi cha pili, mnara hauwezi kumhudumia mtu aliye zaidi ya kilomita 35 hata kama hakuna kizuizi chochote, kwa kuwa mpangilio wa nyakati za mawimbi hauruhusu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50. Msomaji na apige hesabu mwenyewe aone ni maji kiasi gani yanabaki bila mwenyewe. Kando ya hayo kuna milima. Ukitoka Kibirizi kwenda Kagunga unapita Hifadhi ya Gombe, ambako ardhi inapanda ghafla kutoka usawa wa ziwa hadi kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kila rasi inalificha bonde linalofuata. Mtu anaweza kuwa na mtandao kwenye mdomo wa bonde, na akakosa kila kitu baada ya kuzunguka jiwe moja.

Milima hiyo hiyo inayoizuia redio ya mtandao inaweza kuwa rafiki wa simu ya upepo, na hili ndilo jambo tunalotaka viongozi wetu walifikirie kwa makini. Mawimbi ya simu ya upepo hufika mbali kadiri antena inavyokaa juu. Mafundi wana kanuni yao rahisi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4 na kidogo, jibu ni kilomita. Mvuvi aliyeishika redio mita 2 juu ya maji anaona kilomita 6 hivi. Wavuvi wawili, kila mmoja mtumbwini mwake, wanaweza kusikilizana kilomita 10 au pungufu, mawimbi ya maji yakiwa tulivu. Lakini weka mtambo wa kupokea na kurudisha mawimbi mahali palipo mita 400 juu ya ziwa, na upeo wake unakaribia kilomita 80. Ziwa lote mkabala wa Kagunga linaingia humo, hadi ukingo wa Kongo. Mtambo mmoja, paneli chache za jua, betri, na uzio wa kuzuia ng'ombe na wezi. Tena vyombo vya majini duniani kote vina masafa yao ya dharura, chaneli ya 16, megahezi 156.8, ambayo nahodha wa nchi yoyote anatakiwa kuisikiliza. Katika ziwa lenye nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, hilo si jambo dogo: mtu anayezama hachagui uraia wa anayemwokoa.

Hatusemi kwamba redio ya mtandao itupwe. Dunia imeitumia kwa heshima. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoifurikisha Houston, Marekani, watu wa kujitolea wenye boti waliitumia programu ya aina hii, iitwayo Zello, ndani ya simu zao kupanga uokoaji, na wengi waliokolewa, kwa kuwa minara mingi ya mji ule iliendelea kusimama. Mwezi uliofuata kimbunga Maria kilipita kisiwani Puerto Rico. Huko zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilinyamaza. Watu wa kisiwa kile walikuwa na simu za kisasa mifukoni kama za Houston, wala hazikuwafaa kitu. Ilibidi Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liombe wataalamu 50 wa redio za upepo za kujitolea waende na mitambo yao. Na sisi tunayo historia yetu wenyewe. Agosti 1914, manowari za Kiingereza zilipofika mbele ya Dar es Salaam, shabaha yao ya kwanza ilikuwa mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani. Vita imebadilika, lakini tabia ya kitu kilichotundikwa kwenye nguzo moja haijabadilika.

Wana-Kagunga wanayo kumbukumbu iliyo karibu zaidi. Mei 2015, kufuatia machafuko ya kisiasa nchini Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walimiminika katika ufukwe ule mwembamba kwa siku chache. Kijiji kikazidiwa na wageni mara nyingi kuliko idadi ya wenyeji. Maji safi yakaisha, vyoo havikutosha, na kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 mwezi huo Umoja wa Mataifa ulikuwa unahesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wakiwemo wenyeji wawili. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, iliwachukua watu wapatao 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko wakaenda kambi ya Nyarugusu. Kwa kuwa meli haikuweza kuusogelea ufukwe, abiria walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake. Hebu msomaji afikirie ni maneno mangapi yanapaswa kusafiri katika kazi ya namna hiyo: wagonjwa ni wangapi asubuhi hii, dawa ya maji imebaki kiasi gani, meli itatia nanga saa ngapi, wazee na wajawazito wamekaa wapi. Kisha afikirie mnara uliojengwa kuwahudumia watu wa kijiji kimoja, siku ambayo watu elfu arobaini wanataka wote kumpigia ndugu yao mmoja. Redio ya mtandao nayo hupanga foleni katika mnara huo huo. Simu ya upepo ina njia yake peke yake.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba mtumbwi wa ulinzi wa ziwa ubebe vyote viwili, na kila mtumiaji ajue ni wapi anakiweka kimoja mfukoni na kukishika cha pili. Gharama inaongezeka, tunajua. Lakini tumeziona ofisi zikibadilisha mapazia kwa gharama isiyopungua hiyo.

Sasa tuje kwa mtumiaji mwenyewe, maana chombo kizuri mikononi mwa asiyefunzwa ni hasara mbili. Tuliokwenda chuo cha Kurani kabla ya shule ya Serikali tunakumbuka kelele za pale: watoto thelathini, kila mmoja na juzuu yake, wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na mwalimu, Mungu amrehemu, anayasikia makosa ya kila mmoja. Redio hii ni kinyume cha chuo. Mmoja tu ndiye anayesoma; waliobaki ni masikio. Ukibonyeza kitufe wakati mwenzako anazungumza, seva inakukatalia. Katika simu ya upepo ni vibaya zaidi, sauti mbili zinagongana na hakuna inayosikika. Hivyo hatua ya kwanza ya kuzungumza ni kunyamaza na kusikiliza kama njia ni tupu. Kisha bonyeza, ngoja mlio wa ruhusa, hesabu moja moyoni, ndipo useme. Wengi wetu huanza kusema pamoja na kubonyeza, na neno la kwanza linaliwa. Neno hilo aghalabu ndilo jina la anayeitwa. Katika redio ya mtandao ucheleweshaji huo huweza kufika nukta nzima au zaidi kama mnara uko mbali. Asiyejua hilo huona kimya, akarudia, na mwenzake naye akarudia, ikawa vurugu.

Mwite mwenzako kwanza, mara mbili, kisha ujitaje, useme neno lako kwa ufupi, umalize kwa "ova", uachie kitufe. Kuachia ni sehemu ya kuzungumza. Tumewahi kusikiliza kundi zima likizibwa midomo kwa kuwa redio ya mtu mmoja ilikaliwa na mwenyewe garini, kitufe kikabonyea, na tukalazimika kuzisikia habari za mkutano wake wa ndani hadi seva ilipomkata. Shika redio kiganja kimoja mbali na mdomo, uipe upepo mgongo, usiibebe kwa kuikamata antena kama kuku. Iwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na kamba shingoni. Na betri ijazwe mchana, si jioni wakati wa kuondoka, kwa maana redio iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi zaidi kuutafuta.

Mwito wa dharura una utaratibu wake, nao ni ule ule duniani kote tangu mkutano wa kimataifa wa redio wa Washington mwaka 1927: "Meidei", mara tatu. Neno hilo linatokana na Kifaransa, maana yake ni "nisaidieni". Baada yake taja jina la chombo, mahali ulipo, shida yako, na idadi ya watu. Mahali ndipo panapotushinda. Mvuvi wetu hasemi kwa nyuzi za ramani. Anasema "mkabala wa Zashe, mwendo wa nusu saa kwa injini". Inatosha kabisa, ilimradi anayepokea mwito anaijua Zashe. Kwa hiyo anayekaa kwenye kiti cha kusikiliza awe mtu wa mwambao, anayekijua Kiha na Kirundi pamoja na Kiswahili, na anayejua kwamba usiku wa giza watu wako wapi na usiku wa mbalamwezi wako wapi.

Na sisi makada tujisute. Tumezoea hotuba. Tukipewa redio yenye watu ishirini wa kutusikiliza bila uwezo wa kukatiza, kishawishi ni kikubwa, na tumewasikia baadhi yetu wakianza kwa kuwasalimu wazee, akina mama na vijana, kabla ya kusema kwamba boti la saa 4 limeahirishwa. Chaneli ya dharura haihitaji "kidumu Chama". Kikao kina mahali pake.

Jambo la sikio la upande wa pili ndilo zito kuliko yote, wala halinunuliwi dukani. Taifa letu limezika watu wengi mno waliozama karibu na nchi kavu. MV Bukoba ilizama Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza. MV Spice Islander ilizama usiku wa Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba. MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa kufika gati ya Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Sababu za ajali hizo zilichunguzwa na tume, na si kazi yetu kuzirudia. Tunachosema ni kwamba katika maji, saa ya kwanza ndiyo saa, na saa hiyo haifuati saa za kazi. Kama hakuna mtu mwenye zamu usiku, mwenye daftari la kuandika kila mwito, na mwenye mamlaka ya kuamsha boti la Polisi Wanamaji bila kungoja ruhusa ya mtu aliyelala, basi kitufe chekundu ni pambo.

Kuna pia suala la kifurushi. Redio ya mtandao hula data kidogo, lakini hula kila siku, na siku kifurushi kinapokwisha redio inakufa bila kuaga. Nani analipa? Tukiuliza hivyo Kagunga, kijiji kilitutazama. Tukiuliza wilayani, tuliambiwa kijiji kimekabidhiwa mali. Fungu la kifurushi liandikwe katika bajeti ya halmashauri, kwa mwaka mzima, kabla redio hazijapanda boti. Na pale ambapo hapana mtandao wa kutosha, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa mujibu wa sheria ili kuyafikia maeneo ambayo kampuni haziyaoni kuwa na faida. Uombwe uhesabu na maji, si nyumba peke yake.

Tulipoondoka Kagunga, mzee alitupa daftari la shule na kalamu, akatuomba tufanye kazi moja njiani. Kila baada ya robo saa tubonyeze kitufe, tuite, tuandike kama tumejibiwa au la, na tulikuwa mkabala wa mahali gani. Tulifanya hivyo kutoka Kagunga hadi Kibirizi, tukaelekezwa na nahodha majina ya rasi na vijiji. Kurasa mbili zilijaa. Baadhi ya mahali ilijibiwa vizuri, mahali pengine kwa shida, na chini ya milima ya Gombe ilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Tulitoa nakala mbili. Moja tuliipeleka kwa ofisi iliyogawa redio, pamoja na barua ya kuomba zamu ya usiku. Ya pili tulimrudishia mzee kwa boti la siku iliyofuata, naye tumesikia kwamba ameibandika kwa gundi ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa vya injini, ili kila anayekwenda naye ziwani aisome kabla ya giza kuingia. Barua bado haijajibiwa.